Zamu ya Nyumba ya Mama Tusekile

"Nilikuombea, Mama Tusekile. Tangu lini kuomba kukawa kosa?"

"Uliniombea au ulinitangaza?"

"Nilikuombea!"

"Mbele ya jumuiya nzima umetaja jina la mume wangu, umetaja Ubena, umetaja na mwanamke mwenyewe. Bado kidogo tu ungempa Mungu na namba ya simu."

Mama Mbonea alikuwa amesimama mbele ya genge la Mama Tusekile, furushi la mitumba bado kichwani. Alipita kununua nyanya kama kila Jumatatu, akiwa hajui kwamba atapokewa kwa hasira. Upande wa pili wa barabara ya Zinga watu waliokuwa wakisubiri gari waligeuza shingo. Mwanamke mmoja aliyekuwa akichagua bamia aliendelea kuchagua zilezile, akiziweka na kuziokota tena, ili tu asiondoke.

"Punguza sauti basi," Mama Mbonea alisema.

"Mimi? Leo mimi ndiye wa kupunguza sauti? Wewe unaambiwa ulisikika mpaka kwa majirani!"

"Nilikuwa nalia. Mtu akilia hapimi sauti."

"Nilikwambia hili ni letu sisi wawili."

"Ulisema. Na Mungu je? Naye nimfiche?"

Atuganile, maana ndilo jina la Mama Tusekile mwenyewe, aligeukia meza ya genge. Alichukua nyanya alizokuwa amempimia, akazimwaga tena kwenye fungu lake. "Leo siuzi," alisema. "Nenda."

Mama Mbonea alikwenda, furushi likimyumbia kichwani. Yule wa bamia akasogea na kuuliza kwa upole mkubwa kama ni kweli yule mwanamke wa Ubena ni muuza chakula wa madereva. Atuganile akamwambia bamia zimeisha.

Hakuwa mtu wa Zinga. Alitoka Tukuyu na mumewe Ambakisye, fundi wa malori, na binti yao Tusekile, wakapanga chumba na sebule kwa Bi Sikuzani. Ndugu wa karibu kuliko wote alikuwa mwendo wa siku nzima kwa basi. Wakati Tusekile alipolazwa kwa homa ya matumbo, waliokuja na uji na kanga safi na kulala naye sakafuni wodini walikuwa wanawake wa Jumuiya ya Bethania, na wa kwanza wao alikuwa Mama Mbonea, ambaye siku hiyo hata jina lake walikuwa hawajalijua vizuri. Hapo ndipo Atuganile alipopata watu. Kwa hiyo Ambakisye alipofuata kazi Ubena, kituo cha malori cha mwendo wa saa chache kwa gari, na kazi ikageuka nyumba nyingine, Atuganile alimweleza mtu mmoja tu. Walikuwa wamepiga magoti, wanasugua sakafu ya kanisa siku yao ya usafi. Mama Mbonea alitupa tambara, akamkumbatia kwa mikono yenye povu.

Jumuiya ile hukutana Jumamosi asubuhi, nyumba kwa nyumba kwa zamu, na kabla ya kufunga kila mtu husema hitaji lake la maombi. Asiyekuwepo husemewa. Mtu anayesemewa anajulikana kuwa ana watu. Mama Mbonea alikuwa ameona kwa muda mrefu kwamba rafiki yake hasemewi na mtu, na ilimuuma. Jumamosi ile Atuganile alikwenda Bagamoyo kufuata vitunguu, na Mama Mbonea akaona wakati umefika. Hakuwa na ubaya wowote. Hilo ndilo lililofanya iwe vigumu kumpiga kofi.

Na Atuganile aligundua vipi? Kwa jogoo.

Jumapili baada ya ibada watu hutoka nje kwenye mnada, pale sadaka za mavuno na mifugo zinaponadiwa. Mzee Chuwa, mzee wa kanisa na kiongozi wa jumuiya yao, alinunua jogoo mwekundu, akamnyanyua juu kwa miguu. "Jogoo huyu," alisema kwa ile sauti yake ya kusomea matangazo, "ni wa mama yetu, Mama Tusekile, aliyeachwa. Sisi tusimwache!"

Watu wakapiga makofi. Mtu akamsukuma Atuganile mbele kwa upendo. Akajikuta ameshika jogoo, mabawa yanampiga kifuani, na kila uso uliokuwa mbele yake una huruma. Alitafuta uso mmoja tu usiojua, hakuupata. Tusekile, miaka kumi na miwili, alikuwa amesimama na watoto wa kwaya. Alimtazama mama yake, kisha akajishughulisha na kifungo cha joho lake.

Bi Sikuzani, mama mwenye nyumba, alikuwa barazani akisuka ukili walipofika.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, wanangu. Jogoo huyo wa nini?"

"Nimepewa kanisani."

"Kwa lipi?"

Atuganile alishusha pumzi. "Kwa kuachwa."

Bi Sikuzani akaweka ukili chini. "Mimi nimeachwa mara tatu, mwanangu, sijapewa hata yai."

Ilikuwa mara ya kwanza siku ile Atuganile kucheka, na alipocheka ndipo machozi yalipotoka.

*

Jumatano Mzee Chuwa alikuja gengeni akiwa na gari lake jeupe, akaliegesha mpaka likaziba ndizi zisionekane na wapita njia. Alikuwa bwana misitu mstaafu, mwenye suruali za kunyooshwa na tabia ya kumaliza sentensi za watu.

"Mama, pole. Nimekuja kwa habari ya Jumamosi. Zamu ya jumuiya..."

"Ni kwangu."

"...ilikuwa kwako. Tumefikiri tukupunguzie mzigo. Tuihamishie kwangu. Utulie kwanza."

"Nani amefikiri, mzee?"

"Sisi wazee. Nyumba ambayo baba hayupo, unaelewa, kuna namna yake. Watu wataongea."

"Wameshaongea. Nimepewa na jogoo."

Mzee hakuona kichekesho. Atuganile alifuta mikono kwenye kanga. Alikuwa ameketi kwenye mikeka ya watu wengine tangu afike Zinga, amekunywa chai yao, ameosha vikombe vyao, akingoja siku atakayosimama mlangoni mwake kuwaambia karibuni ndani. Mgeni wa jumuiya ni mgeni mpaka siku jumuiya imeketi kwake. Mzee Chuwa alilijua hilo kuliko mtu yeyote, maana ndiye aliyelisema wakati anampokea.

"Zamu yangu siihamishi," alisema. "Kama nyumba yangu haifai, semeni haifai, na mnitoe jumuiya. Msiniambie nitulie."

Alitegemea ugomvi. Lakini mzee alitazama barabara yanakotokea magari ya bara, kisha akatabasamu peke yake.

"Basi. Iwe kwako. Tena ni vizuri zaidi ikiwa kwako." Akapanda gari, bado anatabasamu, akaondoka bila kununua kitu.

*

Desturi ni kwamba Ijumaa mchana wanawake huja kwa mwenye zamu kumsaidia maandalizi. Ijumaa ile hawakuja. Mmoja alituma ujumbe kwamba kifua kinambana. Mwingine alipita njia, akasema anarudi sasa hivi, akapotea. Atuganile alikanda unga wa maandazi peke yake, na Tusekile akaosha vikombe vya kuazima. Bi Sikuzani alitoa mikeka yake miwili mizuri, ile ya sikukuu.

"Kwani kanisani kwenu mtu akiachwa anaambukiza?" aliuliza.

"Ndivyo inavyoelekea, bibi."

Saa za alasiri Mama Mbonea akatokea, na kisu chake mkononi. Hakusalimu, wala hakusalimiwa. Alivuta kigoda, akavuta beseni la viazi vitamu, akaanza kumenya. Mmoja alikata maandazi, mwingine akamenya, kila mmoja akisikia pumzi za mwenzake.

"Mama Tusekile."

Atuganile alikata andazi jingine.

"Kuna kitu inabidi nikwambie. Mzee Chuwa alinipigia..."

"Nimekuomba uniambie kitu?"

"Hapana, ila..."

"Basi menya viazi. Mdomo wako ulishafanya kazi yake wiki hii."

Mama Mbonea akamenya viazi mpaka vikaisha. Aliviosha, akavifunika kwa sinia, akaondoka bila kuaga. Atuganile alimwona alivyojikwaa kwenye kizingiti cha uani na hakumwambia pole. Baadaye alijuta kutomsikiliza.

*

Jumamosi walikuja wote. Na wale wa vifua kubana walikuja. Walikuja mpaka watu ambao hawakuonekana jumuiya tangu Pasaka, wakajaza mikeka, wakajaza mabenchi, wengine wakaketi kwenye ngazi ya Bi Sikuzani, ambaye aliisogeza miguu yake kuwapisha. Mtu hakuhitaji kuambiwa wamefuata nini. Walitazama chumba, walitazama pazia la chumbani, walitazama viatu mlangoni kama kuna vya mwanamume.

Pamoja na hayo, Atuganile alisimama mlangoni na gauni lake la bluu, akasema, "Karibuni kwangu," na maneno hayo yalimjaa kinywani vizuri. Waliimba. Mama Mbonea alikaa nyuma kabisa, karibu na jiko, ameinamisha kichwa. Mzee Chuwa hakuwepo. Waliambiwa waanze, yuko njiani.

Chai ilikuwa inaanza kumiminwa wakati gari jeupe lilipoingia uani likipiga honi kama la harusi. Mzee Chuwa alishuka kwanza, vumbi la safari kwenye kola. Kisha mlango wa upande wa pili ukafunguka, akashuka Ambakisye.

Alikuwa amevaa shati jipya lenye mikunjo ya dukani. Mkononi alikuwa na begi kubwa jeusi.

Kwa muda mfupi yalisikika mafuta ya maandazi tu jikoni. Halafu vigelegele vikapasuka. Wanawake walisimama, mtu akaanzisha pambio, wengine wakapiga makofi, mama mmoja mzee akawa analia waziwazi na kujifuta kwa kitambaa cha kichwa.

"Bwana Yesu asifiwe!" Mzee Chuwa alipaza sauti.

"Amina!"

"Jumamosi iliyopita tuliomba nini?"

"Arudi!"

"Na huyu ni nani?"

Vigelegele tena. Bi Sikuzani, kutoka barazani pake, akamwambia jirani yake wa ngazi kwa sauti ya kusikika, "Kumbe kanisa lina na gari la kuwakamatia waume! Na wangu mniletee, yuko Pangani."

Atuganile alikuwa bado ameshika birika. Alilitazama begi kwanza, ndipo akamtazama mwenye begi.

"Karibu, Baba Tusekile," alisema, kwa kuwa ndivyo mtu anavyosema. "Kaa unywe chai."

"Shikamoo, baba," Tusekile alisema. Alikuwa ameshika sinia la vikombe na hakulitua.

"Marahaba, mama. Umekua." Ambakisye alitaka kumshika kichwa, lakini sinia lilikuwa katikati.

"Chai baadaye!" Mzee Chuwa aliwashika wote wawili viwiko, akawavuta katikati ya mkeka. "Kwanza mshikane mikono. Jumuiya, simameni. Tunaifunga ndoa hii upya mbele za Bwana."

Jumuiya ikasimama. Ambakisye akanyoosha mkono. Mkono ule Atuganile aliujua, na ule ukucha mweusi wa kidole gumba uliopigwa na jeki. Alimpa birika mtu aliyekuwa karibu, akabaki na mikono mitupu, lakini hakuunyoosha.

"Baba Tusekile. Umekuja au umeletwa?"

"Nimekuja na mzee."

"Sijakuuliza umepanda gari la nani."

Ambakisye aliangalia viatu vyake. Hakuwa mtu mbaya wa kuogopesha. Alikuwa mtu wa kwenda anakovutwa, na leo alikuwa amevutwa huku. "Alifika kabla hakujapambazuka," alisema. "Akasema hali yako si nzuri. Kwamba unaniita."

"Nilikuita mimi?"

"Hali yako si nzuri kweli," Mzee Chuwa aliingilia. "Nani hapa haoni? Mama, tusifanye mahojiano, tu..."

"Na kule umeaga?"

Ambakisye akalitua begi mkekani.

"Nimekuuliza umeaga?"

"Nilimwacha amelala. Na mtoto."

"Mtoto yupi?"

"Amejifungua. Wiki haijaisha." Kisha akaongeza haraka, kama anayepunguza bei, "Nitakuwa naenda kuwaona mara mojamoja tu. Mzee amesema hilo litapangwa."

Hakuna aliyepiga kigelegele. Yule mama mzee aliyekuwa akilia alibaki na kitambaa mdomoni. Mtu alikuwa ameuma andazi kabla ya kusimama, sasa hakujua alimeze au alitoe.

Nyuma kabisa, Mama Mbonea alisema, "Mzee. Ulijua kuna kichanga?"

"Nilikikuta nilipofika."

"Uliponipigia kuuliza anakaa wapi, ulisema mnakwenda kumwonya tu. Nami nikakuelekeza. Hukusema unambeba. Umemwona mzazi na kichanga chake, ukambeba mtu wake?"

"Ndoa ya kanisa ni ya kwanza, Mama Mbonea. Mengine baadaye. Wewe mwenyewe ndiye uliyeomba arudi!"

Mama Mbonea alikaa chini ghafla. "Mimi ndiye niliyeomba," alisema, bila kumwambia mtu.

Mzee Chuwa akamgeukia Atuganile. Sasa alipunguza sauti, na ilipopungua ndipo ilipotisha. "Mama Tusekile, fikiri vizuri. Hawa wote wameamka mapema kwa ajili yako. Ukikataa jibu la maombi mbele ya jumuiya, kesho jumuiya itakushika wapi? Mtoto akiugua utamwita nani? Hapa huna shangazi, huna mjomba. Una sisi."

Ilikuwa kweli, na ndiyo maana iliuma. Aliwatazama. Yule ndiye aliyelala wodini akiwa na mguu unaovimba. Yule aliuza kuku wake ili dawa ipatikane. Walikuwa watu wake, na hakuwa na wengine. Kushika mkono ule kungechukua dakika moja. Wangeimba, wangekunywa chai, na kuanzia leo angekuwa mama wa ushuhuda, wa kukaribishwa kila nyumba. Na huko Ubena mtu angeamka, ashike upande wa pili wa kitanda, aukute baridi. Atuganile aliijua baridi ile. Alikuwa ameilalia miezi.

"Yule mwanamke simpendi," alisema. "Nisiseme uongo mbele ya Biblia, simpendi hata kidogo. Lakini mzazi wa wiki moja hachukuliwi mtu wake akiwa usingizini, tena kwa jina langu. Sikuwatuma."

"Mama..."

"Sijamaliza, mzee. Baba Tusekile, mtoto wako huyu hapa. Ada yake unaijua, na njia ya kuja kumwona mchana unaijua. Njoo kwa miguu yako, utapata kiti. Kulala humu, hapana."

"Unamfukuza mume mbele ya kanisa?" Mzee Chuwa alikuwa amepigwa na butwaa la kweli. Alikuwa ameondoka usiku, akaendesha gari kwenda na kurudi. Aliamini amefanya jambo jema kuliko yote ya mwaka ule.

"Simfukuzi. Umrudishe ulikomtoa. Na leo, si kesho, kwa sababu kule kuna mtu hajui nani atamchotea maji."

Hakungoja ruhusa. Aliinama, akalishika begi jeusi kwa mkanda mmoja, akaliburuta juu ya mkeka wa Bi Sikuzani, kati ya miguu ya watu waliokuwa hawajui warudi nyuma au wasimame. Lilikuwa zito. Ambakisye alikuwa amebeba kila kitu, maskini, mpaka spana. Kizingitini likakwama.

Mtu alifika nyuma yake, akashika mkanda wa pili. Hakuhitaji kugeuka. Harufu ya mitumba aliijua.

"Usiseme kitu," Atuganile alimwambia.

"Sisemi," Mama Mbonea alisema.

Walilinyanyua pamoja, wakavuka ua, mmoja kushoto na mwingine kulia, jumuiya nzima imesimama mlangoni inawatazama. Mama Mbonea alifungua buti la gari jeupe bila kumwomba mwenye gari. Waliliingiza begi. Buti lilikuwa bovu, halishiki mpaka lipigwe kwa nguvu zote. Wakaweka mikono, mikono minne, wakalipiga.